Chumvi Inapolegea: Wageni wa Majini na Maziwa ya Hanang na Mbulu

Maziwa ya Hanang na Mbulu hayana pa kutokea. Mvua inayonyesha kwenye miteremko ya Mlima Hanang na kwenye nyanda za juu za Mbulu haifiki baharini. Huteremka hadi Balangida, Balangida Lelu, Basotu, Bonde la Yaeda au Eyasi, ikatuama hapo, na jua likaipandisha hewani. Kinachobaki chini ni chumvi na magadi. Nchi hii yote imo ndani ya Bonde la Kati, ambalo bodi yake ya maji ina makao Singida, na kila anayelima, anayefuga au anayevua humo anaishi kwa hisani ya hesabu moja: maji yaliyoingia, toa maji yaliyofyonzwa na jua.

Hesabu hiyo haitulii. Mwaka wa ukame, Balangida ni uwanja mweupe unaoumiza macho. Ganda la chumvi hupasuka chini ya nyayo, na watu wa kijiji cha Gendabi hulikwangua, wakalikusanya, wakauza; Wadatoga nao hupeleka ng'ombe wao pembezoni wakalambe. Mvua zikizidi, pale pale palipokwanguliwa chumvi panakuwa na maji ya magotini au ya kiunoni, na ndege hujaa. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023, ambazo Desemba 3 ziliporomosha tope la Mlima Hanang na kuua zaidi ya watu 80 katika mji wa Katesh na vijiji jirani, zilitukumbusha kwa uchungu mkubwa ni maji kiasi gani yanaweza kushuka hapa kwa muda mfupi.

Nataka kuzungumzia jambo ambalo halisemwi sana katika mijadala ya maji ya mkoa wa Manyara: nani anaingia ziwani pale chumvi inapolegea. Ili kulielewa inabidi kwanza twende mbali kidogo, kwenye midomo ya mito na kwenye wangwa, kwa sababu huko ndiko sayansi ya wageni wa maji ya chumvi hafifu ilikokomaa.

Kwenye mdomo wa Pangani, wa Rufiji au wa Sabaki, maji ya mto hukutana na ya bahari na chumvi hupanda na kushuka kila maji yanapojaa na kupwa. Viumbe wengi hawawezi maisha hayo. Samaki wa mtoni hushindwa na chumvi, wa baharini hushindwa na maji baridi, kwa hiyo anayebaki hana washindani wengi. Ni mahali pagumu kuingia, lakini aliyepaweza pa namna hiyo anaweza pengi. Ndiyo maana viumbe waliozaliwa katika maji ya chumvi inayoyumba wamekuwa miongoni mwa wasafiri wakubwa wa majini.

Mfano unaojulikana zaidi ni haidroidi aitwaye Cordylophora caspia, aliyeelezwa kisayansi na Pallas mwaka 1771 kutoka eneo la Bahari ya Kaspi. Ukimwona juu ya kamba au nguzo utadhani ni kuvu au jani lililooza. Mweke kwenye bakuli la maji, umtazame kwa lenzi, na utaona kijiti cha rangi ya kahawia chenye matawi, na kila tawi limeishia kwenye kichwa kidogo cheupe chenye minyiri myembamba iliyotapakaa kila upande. Huyo ni mnyama, tena mwindaji. Minyiri ina chembe za sumu zinazofyatuka zikiguswa, na kinachonaswa ni viluwiluwi vya wadudu na kamba wadogo mno wa majini, chakula kilekile cha samaki wachanga. Koloni moja huweza kufikia urefu wa sentimita 10 hivi. Hukua vizuri zaidi kwenye chumvi ya takriban gramu 15 kwa lita, chini ya nusu ya ile ya bahari, lakini huvumilia tangu maji baridi hadi yanayokaribia ya bahari.

Kinachomfanya awe hatari ni namna anavyosubiri. Chumvi ikibadilika ghafla, au baridi ikizidi, vichwa vile huyeyuka na nyama yake hujikunja ndani ya ala ngumu ya kijiti. Ukiviona vijiti vile utasema vimekufa. Hali ikirudi kuwa nzuri, huchipua upya. Kwa njia hiyo amesafiri kwenye mifereji na kwenye matumbo ya meli hadi Baltiki, Uingereza, Amerika ya Kaskazini na Australia. Huko Illinois, Marekani, amewasumbua wenye vituo vya umeme kwa kuota ndani ya mabomba ya maji ya kupozea mitambo.

Ndugu yake mmoja anatuhusu zaidi sisi Waafrika. Mwaka 1908 alielezwa kwa mara ya kwanza konyeza mdogo aitwaye Moerisia lyonsi, na aliyemweleza alimpata katika Ziwa Qarun, Fayum, Misri. Qarun halina pa kutokea, kama maziwa yetu. Zamani lilikuwa ziwa la maji baridi ya Mto Nili, kisha chumvi ikapanda taratibu kadiri maji yalivyopungua na mifereji ya mashamba ilivyomwaga chumvi humo. Baadaye konyeza walioainishwa kuwa wa jamii hiyohiyo wakaonekana kwenye mito inayoingia Ghuba ya Chesapeake, Marekani, katika maji yasiyo makali sana kwa chumvi, na wakawasumbua hata watafiti kwa kuzaliana ndani ya matangi yao ya majaribio.

Sisemi kwamba Cordylophora yuko Basotu, wala kwamba Moerisia anakuja Eyasi. Maziwa yetu mengi yana ulinzi wa ziada ambao wangwa za pwani hazina: magadi. Ukali wa magadi huua viumbe ambao wangeivumilia chumvi peke yake. Ninachosema ni kwamba kanuni ni moja. Chumvi na magadi ndio askari wa mlangoni katika maziwa haya. Mvua nyingi zikija, askari analala, na anayengojea karibu huingia.

Kwa anayetaka kuona kanuni hiyo ikifanya kazi, jirani zetu wa Kenya wana Ziwa Nakuru. Kwa miaka mingi Nakuru lilikuwa ziwa la magadi lisilo na samaki kabisa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960 alipelekwa samaki mdogo kutoka Ziwa Magadi, Alcolapia grahami, mzoefu wa maji makali, kwa nia ya kupunguza mbu. Alishamiri. Waliofuata ni mwari, ndege wala samaki, maelfu kwa maelfu, mahali ambapo awali hawakuwa na sababu ya kukaa. Samaki wa urefu wa kidole alibadilisha sura ya ziwa zima, na hakuna aliyekuwa amekusudia mwari.

Halafu kuanzia karibu 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yakaanza kupanda. Nakuru lilivunja kingo zake, likafunika barabara na lango kuu la hifadhi, na chumvi yake ikapungua. Mwani ambao flamingo huula hupenda maji makali. Maji yalipolainika, flamingo wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Na sato, ambaye Nakuru la zamani lingemuua, akaonekana ziwani kwa wingi wa kutosha watu kuanza kumvua. Mamlaka zikalazimika kuwaonya wananchi wasimle, kwa kuwa ziwa hilo hupokea maji ya mji na limelimbikiza madini mazito. Upande wa kaskazini zaidi, Baringo lenye maji baridi na Bogoria lenye magadi yalisogeleana kiasi cha kuwatia watu hofu kwamba yangechanganyika.

Njia ya kuingilia iliyo wazi zaidi kwa sato hao ni mito inayoteremkia ziwani na mabwawa ya watu yaliyo kando yake. Walikuwapo bondeni, kilichobadilika ni ziwa.

Sasa turudi nyumbani. Katika maji haya makali ya Bonde la Kati anaishi perege ambaye hapatikani popote pengine duniani ila kwenye maziwa ya chumvi ya kaskazini na kati ya Tanzania: Oreochromis amphimelas, aliyeelezwa na Hilgendorf mwaka 1905. Manyara, Eyasi na Kitangiri ni miongoni mwa makao yake. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Wengi wetu tumemla bila kumjua, kwa sababu sokoni perege ni perege. Jike lake hutamia mayai kinywani, na vifaranga hukimbilia humohumo hatari ikitokea. Ziwa likijaa huzaliana kwa kasi; likikauka hufa kwa maelfu, na mizoga huachwa kwenye tope.

Mbona basi hajaisha? Kwa sababu ziwa linapokauka, wachache hubaki kwenye chemchemi na kwenye midomo ya vijito, palipo na maji mwaka mzima. Hapo husubiri. Mvua zikirudi, hao wachache ndio wanaolijaza ziwa upya. Ana kipaji kilekile cha Cordylophora, cha kujikunja mahali padogo mpaka hali itengemae, isipokuwa yeye ni mwenyeji na kipaji chake ndicho kinachowapa wavuvi wa Eyasi samaki baada ya kila ukame.

Hapa ndipo wasiwasi wangu ulipo wote. Mkulima anayetaka kuchimba bwawa la samaki anatafuta nini? Maji yasiyokauka. Atachimba karibu na chemchemi, karibu na kijito, chini kidogo ya mteremko ili maji yaingie yenyewe na kutoka yenyewe. Tunachimba mabwawa yetu mlangoni mwa kimbilio la perege wetu. Na tunachoweka bwawani ni sato, Oreochromis niloticus, kwa sababu anakua haraka na vifaranga vyake ndivyo vinavyouzwa. Mvua kubwa ikija bwawa linafurika, sato wanaingia kijitoni. Ukame ukija sato na perege wanabanwa kwenye dimbwi moja.

Wanapobanwa pamoja hawapigani tu kwa chakula. Wanazaana. Jamii za Oreochromis huchanganyika kwa urahisi na machotara wao huweza kuzaa. Katika Ziwa Rutamba, mkoani Lindi, vipimo vya vinasaba vimeonyesha perege wenyeji wakichanganyika na sato. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, pamoja na wenzao wa vyuo vikuu vya Bristol na Bangor vya Uingereza, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba wageni wawili, sato na Oreochromis leucostictus, wameenea katika mabonde mengi ya maji ya nchi hii, matokeo ya miongo mingi ya kupandikiza samaki kwa makusudi. Waliopandikiza walikuwa watu wema waliotaka vijiji vipate kitoweo. Sina ugomvi na nia yao.

Lakini chotara akishika dimbwi, itakuwaje siku magadi yanaporudi kuwa makali? Uwezo wa kuishi kwenye maji ya Eyasi au Manyara umejengwa katika damu ya perege wetu kwa vizazi visivyohesabika. Sato huvumilia chumvi ya wastani na hufa ikizidi. Ukiuchanganya urithi huo na wa sato kizazi baada ya kizazi, unaweza kupata samaki mnene kwa miaka mitano ya mvua, na ziwa lisilo na samaki kwa muongo mzima unaofuata. Anayeumia kwanza ni mvuvi wa nyavu chache, yule ambaye mtungo wa samaki wakavu kwenye kamba ndio ada ya shule.

Ziwa Victoria lilitufundisha somo lake kwa sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950, na kwa ngege, Oreochromis esculentus, perege wa asili aliyekuwa fahari ya wavuvi wa ziwa lile na ambaye leo ni nadra mno katika ziwa lenyewe. Habari hiyo inajulikana, sitaikariri. Tofauti ya kwetu ni udogo. Victoria lina ghuba, visiwa na maziwa madogo ya pembeni ambako baadhi ya wenyeji waliponea. Balangida lina chemchemi chache.

Tena vifaranga havisafiri peke yao. Hufungashwa kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa oksijeni, ikapangwa kwenye maboksi, ikapakiwa kwenye basi au kufungwa nyuma ya pikipiki. Fungua mfuko mmoja baada ya safari ya siku nzima, mimina maji yake kwenye beseni jeupe, kisha tulia uangalie. Utaona vipande vya majani ya majini, viwavi wadogo, konokono wa ukubwa wa kichwa cha kiberiti, na vitu vingine vinavyoruka-ruka visivyo na jina kwa macho matupu. Yote hayo mkulima huyamwaga bwawani pamoja na vifaranga, kwa sababu ndivyo alivyoelekezwa: mfuko uelee kwanza ili joto lilingane, kisha samaki waachiwe. Joto tunalilinganisha vizuri. Maji ya mfukoni hatuyazuii.

Qarun wameulipia uzembe wa aina hiyo. Samaki wa maji baridi walipotoweka kwa sababu ya chumvi, Wamisri walianza kuhamishia humo mkizi wadogo kutoka Bahari ya Kati, na kwa miongo mingi uvuvi ukastawi. Kisha, katika muongo wa 2010, akashamiri ziwani mdudu wa baharini aitwaye Livoneca redmanii, kimelea anayeng'ang'ania mashavuni mwa samaki na kunyonya damu. Wataalamu wa huko wamemhusisha na ule uhamishaji wa vifaranga. Uvuvi uliporomoka. Ziwa ambalo halina pa kutokea halina pia pa kumtolea kimelea. Hakuna mkondo wa kumsukuma, hakuna bahari ya kumtawanya.

Wapo watakaosema ndege hubeba viumbe vilevile kwa miguu na kwa matumbo, kwa hiyo tusihangaike. Ni kweli kwamba ndege hubeba. Flamingo hutembea kati ya Natron, Manyara, Eyasi na Balangida tangu kabla hatujawa na majina ya maziwa hayo. Ila ndege wa magadi hutua kwenye magadi. Anachokitoa ziwa moja kukipeleka jingine ni kile ambacho maziwa hayo yamekuwa yakibadilishana kwa maelfu ya miaka. Pikipiki haina desturi hiyo. Asubuhi inaweza kuwa kwenye kituo cha vifaranga na jioni iko Dongobesh.

Kuna jambo la historia linalonifurahisha na linalofaa hapa. Mwaka 1883 Böhm, msafiri wa Kijerumani, aliona konyeza ndani ya Ziwa Tanganyika, na baadaye konyeza huyo akapewa jina la Limnocnida tanganjicae. Ulaya ilishangaa sana. Konyeza walijulikana kuwa wa baharini, kwa hiyo Mwingereza J.E.S. Moore alifunga safari miaka ya 1890, na mwaka 1903 akachapisha kitabu kizima akitetea kwamba Tanganyika liliwahi kuunganika na bahari. Nadharia ilianguka, konyeza yule ni mwenyeji wa maji yetu baridi. Lakini kitu kidogo cha sentimita mbili kiliwafanya watu waulize historia ya ziwa zima, na maswali yale yaliwezekana kwa sababu mtu alikuwa ameandika kilichomo kabla mambo hayajavurugwa. Kwa maziwa ya Hanang na Mbulu, fursa hiyo bado ipo.

Ufugaji wa samaki uendelee. Watoto wa Haydom na Katesh wanahitaji samaki kama watoto wa Mwanza, na mama anayevuna perege bwawani kwake ana haki ya kuungwa mkono na halmashauri yake. Ninachotaka ni halmashauri za Hanang na Mbulu ziache kuhesabu mafanikio kwa idadi ya vifaranga vilivyogawiwa na zianze kuuliza kila bwawa linafurikia wapi. Bwawa linalomwaga maji mashambani, mbali na kijito chochote, lipewe sato bila shida. Bwawa lililo juu ya chemchemi inayolisha Balangida au Eyasi lisipewe. Huyo mfugaji apewe perege wa humohumo, na kama bado hakuna anayemzalisha kwa ajili ya wafugaji, hiyo ni kazi halali kabisa ya kukipa kituo cha vifaranga cha serikali. Samaki huyu ameshazoea maji yanayomshinda sato. Kumzalisha kungewafaa hata wafugaji wa Singida wenye visima vya maji ya chumvi.

Maafisa uvuvi nao waagize jambo dogo ambalo halina gharama: vifaranga vipokelewe kwa wavu mdogo, na maji ya mfuko yamwagwe kwenye udongo mkavu mbali na bwawa. Nyavu zinazotoka ziwa jingine zianikwe juani mpaka zikauke kabisa kabla hazijaingia Basotu.

Sheria ya kutegemea tunayo. Sheria ya Uvuvi ni ya 2003, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, na zote mbili zinawapa maafisa nguvu ya kuuliza kabla ya kuruhusu. Kinachohitajika zaidi ya sheria ni orodha: kila chemchemi inayobaki na maji wakati wa kiangazi kirefu kandokando ya Balangida, Balangida Lelu na Eyasi, samaki gani wamo, chumvi kiasi gani, na bwawa la nani liko juu yake. Wavuvi na wafugaji wa ng'ombe wanazijua chemchemi hizo kwa majina. Ofisa mmoja wa wilaya, kijana mmoja wa TAFIRI na kipima chumvi kimoja wanaweza kuzizungukia pamoja nao. Kazi hiyo ina wakati wake. Lazima ifanyike maziwa yangali na maji, kabla ukame haujawabana perege na sato ndani ya madimbwi hayohayo.